Barua ya Wazi kwa Wauzaji na Mafundi wa Mashine za Boti: Tafuteni Maji Yanapoingilia

Kwa waagizaji wa mashine za boti na spea zake, wauzaji wa mafuta ya haidroliki, na mafundi wote mnaozihudumia boti za pwani ya Tanzania na visiwa vyake.

Ndugu zetu,



Yah: Maji ndani ya mafuta ya trimu

Nawaandikia kutoka Kilindoni, Mafia. Mimi ni mwenye boti na nahodha, na barua hii nimewasomea wenzangu wa bandarini kabla ya kuituma, kwa hiyo mkiona nasema "sisi" mjue hayo si maneno ya mtu mmoja. Tumeamua kuiweka hadharani kwa sababu malalamiko ya dukani na gereji hayajazaa kitu. Tukija na mashine isiyopanda, tunauziwa mafuta. Tukirudi, tunauziwa mota. Tukirudi tena, tunaambiwa mfumo mzima umekufa, tununue mwingine. Katika kwenda na kurudi kote huko hakuna anayeuliza swali la msingi: haya maji yaliyo ndani ya mafuta yamepita wapi?

Kwa msomaji asiye mtu wa bahari, nieleze kwa kifupi. Trimu ni mfumo wa haidroliki unaoinua na kushusha mashine iliyopachikwa tezini. Nahodha akibonyeza swichi, mota ndogo ya umeme huzungusha pampu, pampu husukuma mafuta kwenye silinda, rodi za chuma hutoka na mashine hunyanyuka. Akibonyeza upande wa pili, mota huzunguka kinyume na mashine hushuka. Mashine ndogo ya farasi 15 mvuvi huiinua kwa mikono yake, na haya hayamhusu sana. Yanawahusu wenye mashine kubwa. Mashine ya farasi 115 inazidi kilo 150, na hakuna baharia wa kuinyanyua boti ikiwa majini. Mafuta yote yanayofanya kazi hiyo, kwa mashine nyingi, hayajazi chombo cha lita moja. Katika ujazo mdogo namna hiyo, vijiko vichache vya maji vinatosha kuharibu kila kitu.

Trimu kwetu si anasa. Katika Mkondo wa Zanzibar, siku za bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Hapa Kilindoni maji yakitoka, boti hukaa mchangani. Kupita juu ya mwamba maji yakiwa haba, nahodha huinua mashine kidogo na kwenda taratibu. Trimu ikigoma mashine ikiwa chini, propela inagonga matumbawe, na sehemu kubwa ya matumbawe yetu imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995. Ikigoma mashine ikiwa juu, boti haiendi popote. Mama mjamzito wa Jibondo au mgonjwa wa Bwejuu anayetakiwa kufikishwa hospitali ya wilaya hana barabara ya kupita. Anategemea boti ya yeyote aliye tayari usiku huo, na boti hiyo ni lazima iweze kushusha mashine yake.

Niseme lililonikuta, bila kumtaja mtu wala duka. Mashine ya boti yangu moja ilianza kupanda kwa kusitasita, ikifika katikati inatetemeka. Fundi alifungua kifuniko cha mafuta, akaona yamepungua, akajaliza, akalipwa. Haukupita muda mrefu, mashine ikawa inashuka yenyewe usiku hali nimeiacha juu. Fundi mwingine akasema ni mota, ikanunuliwa mota. Mafuta yalipokuja kumwagwa hayakuwa mekundu tena. Yalikuwa na povu, yamekuwa kama sharubati ya mapera iliyotiwa maziwa. Hapo tukaambiwa pampu nayo imekwisha, na kweli ilikuwa imekwisha, gia zake zimeingia kutu. Rodi ya upande wa kushoto ilikuwa na vishimo ambavyo kidole kinavihisi, na sili yake, ule mpira unaoizunguka rodi kuzuia maji yasiingie, imechanika mdomo. Sili hiyo ndiyo iliyotangulia kuharibika, na ndiyo yenye bei ndogo kuliko vyote nilivyouziwa. Haikutazamwa na yeyote hadi mwisho.

Wenzangu nao wana visa vyao, na vinafanana na changu kupita kiasi. Ndiyo sababu ya haya yafuatayo.

1. Mnajaliza mafuta, kisha mnaita hayo matengenezo.

Mashine haichomi mafuta ya trimu. Hayapungui kwa kazi. Yakipungua yametoka mahali, na palipopitisha mafuta kwenda nje patapitisha maji kuja ndani. Mfumo ukifanya kazi hupata joto. Boti ikisimama, silinda zinapozwa na bahari, na hewa iliyo ndani ya tangi la mafuta hujikunja na kuvuta. Sili ikiwa nzima, hakuna madhara. Ikiwa imechoka, inavuta maji. Na rodi yenyewe, kila inaporudi ndani hubeba utando mwembamba wa maji ambao mdomo wa sili umewekwa ili kuufuta. Mdomo ukichanika, kila swichi inapobonyezwa maji kidogo yanaingia, leo kidogo, kesho kidogo, na mwenye boti hana habari.

Nimewasikia mafundi wakisema maji ni mabaya kwa kuwa "yanabonyea", na hivyo presha inapotea. Sivyo. Maji hubonyea kidogo kuliko mafuta. Ubaya wake uko kwingine. Yanaondoa ulainisho kati ya meno ya gia za pampu. Yanaleta kutu kwenye vigololi vya valvu vinavyozuia mafuta yasirudi. Yanakorogwa na mafuta na hewa hadi kuwa povu, na povu ndilo linalobonyea. Kigololi chenye kutu hakikai sawasawa kwenye kiti chake, ndiyo maana mashine inashuka yenyewe hata pasipo tone la mafuta nje. Nalisisitiza hili kwa sababu fundi anayeamini kuwa tatizo ni kubonyea hudhani akibadilisha mafuta amemaliza kazi, kumbe kutu imekwisha kuanza yake.

2. Mnauza kabla ya kupima.

Vipimo vya kujua kama trimu ina maji havihitaji maabara wala kompyuta. Vinahitaji mpangilio. Kwanza umeme. Swichi ikibonyezwa na hakuna mlio wowote, angalieni fyuzi, waya, swichi na rilei. Rilei ikilia na mota haizunguki, pimeni umeme unaofika kwenye mota wakati swichi imebonyezwa, maana betri inayosoma volti 12 ikiwa imepumzika inaweza kuanguka vibaya mzigo ukija. Mota ikizunguka vizuri na mashine haipandi, au inapanda kwa kusitasita, basi umeme hauna kosa. Shida iko kwenye mafuta, pampu, valvu au sili. Ni kazi ya dakika chache, na inamwepusha mtu kununua mota asiyoihitaji.

Kisha mafuta. Mashine iinuliwe hadi juu kabisa, kishikizo chake kifungwe, chumvi na mchanga vinavyozunguka kifuniko vifutwe, ndipo kifunguliwe. Kukifungua mashine ikiwa chini kunaweza kurusha mafuta yenye presha usoni, tena kipimo utakachokisoma ni cha uongo. Mafuta kidogo yavutwe kwa bomba la sindano na kutiwa kwenye chupa safi ya kioo, nayo ikae hadi kesho yake bila kuguswa. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yatajikusanya chini. Yakiwa yamekorogeka sana hayatatengana yote, lakini ukungu wenyewe ni ushahidi tosha. Anayetaka jibu papo hapo apashe kipande cha bati kikavu hadi joto lipite mchemko wa maji, avae miwani, adondoshe tone moja na kusogea. Mafuta safi hutandaa na kutoa moshi kidogo. Yenye maji hupasukapasuka na kuruka.

Sasa kuna kipimo ambacho sijaona gereji hata moja ikikifanya, na mimi nakithamini kuliko vingine kwa sababu kinaelekeza pa kutafuta. Maji yakijitenga chini ya chupa, chukueni tone la maji hayo, mliweke kwenye kipande cha kioo likauke. Likiacha chumvi nyeupe, bahari imeingia, kwa hiyo tazameni sili za rodi na viungo vyote vinavyozama. Lisipoacha chumvi, yaelekea ni mvua, au maji ya bomba yaliyorushwa kwa mashine ya presha kwenye sili wakati wa kuosha boti, au mafuta yaliyonunuliwa yakiwa tayari na maji. Hapo anzeni na kifuniko cha tangi na oringi yake, halafu mkakague lile dumu la mafuta lililo gereji kwenu.

Mtasema mwenye boti hataki kulipia uchunguzi, anataka mashine ipande saa ileile kwa sababu wageni wanasubiri ufukweni. Wapo wa namna hiyo. Basi bandikeni bei ya uchunguzi ukutani, kando na bei ya matengenezo, kila anayeingia aisome. Sisi tuliokubaliana na barua hii tutailipa.

3. Rodi hamzitazami.

Fundi apitishe ukucha kwenye rodi yote, juu hadi chini, pande zote. Ukucha ukinasa, pana kishimo hapo, na sili mpya itakayofungwa juu ya rodi hiyo itachanwa kwa namna ileile ya zamani. Tumefungiwa sili mpya kwenye rodi zenye vishimo tukaambiwa kazi imekamilika.

Uharibifu huo unaanzia wapi? Boti zetu hazipandishwi nchi kavu kila jioni; zinalala nangani. Chumvi hukaukia juu ya rodi zilizoachwa nje, jua linazipiga, na kromu inaanza kutoboka. Zikikaa ndani ya maji huota vile vigamba vyenye makali vinavyoshika kwenye nguzo za gati na chini ya majahazi. Siku nahodha anabonyeza swichi, rodi inarudi ndani pamoja na vigamba vyake na kuuchana mdomo wa sili. Vitabu vya Yamaha kwa mashine zenye rodi za trimu vimelisema jambo hili waziwazi: mashine ikishainuliwa na kuegemezwa kwenye kishikizo chake, bonyeza swichi ya kushusha ili rodi ziingie ndani kabisa, zisipate viumbe vya bahari wala kutu. Ni maelekezo mafupi mno, na yangeokoa sili nyingi. Ni nahodha gani wa Mafia, Pemba au Kilwa aliyeelezwa hilo siku alipolipia mashine? Vitabu vinavyotufikia ni vya Kiingereza, na mashine zilizotumika mara nyingi huja bila kitabu chochote.

Zinki nazo. Kile kipande kilichofungwa chini ya mabano ya mashine kimewekwa makusudi kiliwe na maji ya chumvi ili mabano na silinda visalimike. Mnapopiga mashine rangi ipendeze kwa mnunuzi, mnakipiga na chenyewe. Zinki iliyopakwa rangi haifanyi kazi. Acheni.

4. Mafuta mengine yana maji tangu dukani.

Hapa nawaomba wauzaji wa mafuta mnisikilize kwa makini, kwa sababu naamini wengi wenu hamfanyi kwa kukusudia. Pipa la lita 200 likisimamishwa uani, mvua hutuama kwenye mfuniko wake wa juu. Mchana jua hulipasha, mafuta na hewa ya ndani hutanuka, na hewa kidogo hupenya kwenye kizibo. Usiku pipa likipoa, hewa iliyobaki hujikunja, na kizibo huvuta kilicho juu yake, yaani maji ya mvua. Linaweza kutokea hata kizibo kikiwa kimekazwa. Dawa yake haina gharama yoyote: pipa likae chini ya paa. Kama ni lazima likae nje, lilazwe ubavu, vizibo viwili viwe usawa wa katikati, kimoja kushoto na kimoja kulia, ili mafuta yavifunike kwa ndani. Masika yanakuja kila mwaka, na mapipa yaliyosimama wima yanaonekana na kila mpita njia.

Tunapopimiwa rejareja mambo yanazidi. Mafuta mekundu yanamiminwa kwenye chupa za maji ya kunywa zilizosuuzwa muda huohuo na hazijakauka. Mteja anavuka bahari na chupa hiyo akiamini amebeba dawa ya trimu yake.

Kuhusu aina ya mafuta, mashine nyingi za Kijapani tulizonazo zinataka ATF, yaani mafuta ya giaboksi otomatiki, ya daraja la Dexron. Zipo nyingine, hasa za Kimarekani za zamani, ambazo watengenezaji wake waliruhusu mafuta mepesi ya injini. Fuateni kitabu cha mashine iliyo mbele yenu. Lakini mafuta ya breki hayawezi kushika nafasi ya yoyote kati ya hayo. Mafuta ya kawaida ya breki hutokana na glaikoli, na mpira wa sili hizi haukutengenezwa kuivumilia glaikoli. Huvimba na kulainika, na kazi ya kuzuia maji inaishia hapo. Fundi anayejaliza mafuta ya breki kwa kuwa ATF imeisha anaua sili ambazo zilikuwa bado zinafanya kazi.

5. Kumwaga mara moja hakutoshi.

Tangi likimwagwa, mafuta yaliyo ndani ya silinda na kwenye njia za valvu hubaki. Tuchukulie kila umwagaji unaondoa nusu. Baada ya mara ya kwanza nusu ya maji bado imo. Baada ya pili, robo. Baada ya tatu, thumuni. Kwa hiyo jazeni mafuta mapya, inueni na kushusha mashine hadi mwisho mara kadhaa, acheni itulie dakika chache povu likwee juu, mwageni, jazeni tena, mpaka yanayotoka yawe mekundu na angavu. Gharama ya mafuta ya kurudia ni ndogo mno ukiiweka kando ya bei ya pampu. Trimu iliyokaa na maji ya chumvi kwa muda mrefu ifunguliwe kabisa, valvu na pampu zikaguliwe kwa macho, kwani hakuna mafuta yanayofuta kutu. Na haya yote yafanyike baada ya sili mbovu kubadilishwa. Kabla ya hapo ni kupoteza mafuta. Yaliyomwagwa yaingie dumuni. Tunaona yanavyomwagwa kwenye mchanga tunaovulia samaki.

6. "Sili peke yake hatuuzi."

Jibu hili limetuchosha kuliko yote. Watengenezaji wanatoa sili na oringi za trimu kama spea zinazojitegemea, zenye namba zake kwenye katalogi. Tunakubali kwamba kwa baadhi ya mashine pampu haifunguliwi na lazima inunuliwe nzima. Sili ya rodi na oringi ya kifuniko haziko hivyo. Mnapoleta kontena lenye mota na pampu kisha mkasema hakuna sili, mmechagua kuleta kile chenye faida kubwa kwenu na hasara kubwa kwetu. Na pale sili zinapopatikana, nyingine ni za kopi, mpira mgumu, hazina namba wala jina. Mwenye boti hawezi kuzitofautisha kwa macho. Ninyi mnaweza, na mnajua bei mliyonunulia.

7. Vijana wenu wanafanya kazi chini ya mashine iliyoshikiliwa na mafuta tu.

Trimu yenye maji ndiyo trimu inayoshuka yenyewe. Tunaona vijana wa gereji wakiingiza mikono na vichwa chini ya mashine bila kishikizo kufungwa, bila gogo, bila mnyororo. Skrubu ya kushushia mashine kwa mkono hulegezwa kabla mashine haijaegemezwa popote. Siku moja mtamzika mtoto wa mtu. Anzeni leo kulikataza hili, maana halihitaji fedha wala kibali.

Sasa tunayoyaomba.

Waagizaji, tunaomba kila mashine yenye trimu, mpya au iliyotumika, iuzwe na karatasi moja ya Kiswahili. Iandikwe aina ya mafuta, namna ya kupima kiwango chake, agizo la kurudisha rodi ndani boti inapolala nangani, na onyo la zinki kutopakwa rangi. Ukurasa mmoja unatosha. Tunaomba pia sili za rodi na oringi za mashine mnazoziuza kwa wingi ziwepo dukani wakati wote, na namba ya spea iandikwe kwenye risiti.

Wauzaji wa mafuta, tunaomba ATF katika vyombo vilivyofungwa kiwandani vya lita moja, kwani kwa mashine nyingi ujazo mmoja wa trimu hauzidi hapo. Atakayeendelea kupima kutoka kwenye pipa aliweke pipa lake ndani, na mteja aruhusiwe kuliona.

Mafundi, ninyi ndio tunaowategemea zaidi, na ndiyo maana maneno mengi ya barua hii yamewaelekea. Tunaomba kabla ya spea yoyote kubadilishwa mwenye boti aoneshwe chupa ya mafuta yaliyotolewa. Tunaomba spea ya zamani irudishwe mkononi mwake. Tunaomba mwandike, hata kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi, maji yalipita wapi. Fundi ambaye hajui yalipita wapi hajamaliza kazi, hata kama mashine inapanda. Na maji yakirudi ndani ya muda mliokubaliana, pasipo rodi kugongwa wala kuharibiwa upya, kazi irudiwe bila malipo ya ufundi.

Kwa TASAC na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, ambao tunawapelekea nakala, ombi letu ni dogo: mkaguzi akishahesabu majaketi ya kuokolea, aombe mashine ishushwe na kuinuliwa mbele yake, na azitazame rodi. Kwa VETA na Chuo cha Bahari Dar es Salaam, tunaomba kozi fupi ya haidroliki ya boti ifundishwe huku visiwani, mahali ambapo mashine zenyewe zinaharibikia. Vifaa vya kufundishia tunavyo. Pampu yangu yenye kutu na rodi yake nimezihifadhi, na wenzangu wako tayari kutoa zao.

Tumechagua wakati wa kuandika. Pepo za kusi zikivuma boti nyingi za watalii hupumzika, na huo ndio muda wa kufungua trimu na kuzikagua kwa utulivu. Kuanzia Oktoba papa potwe huanza kuonekana karibu na Kilindoni, wageni hufuata, na boti zote huingia kazini hadi kaskazi inapoelekea ukingoni. Karatasi za Kiswahili na sili tunazihitaji kabla ya Oktoba.

Ikifika Oktoba hakuna kilichobadilika, tutachanga fedha na kuagiza sili wenyewe kwa pamoja, kwa namba za katalogi. Tutaweka ubao bandarini wenye majina ya mafundi wanaopima kabla ya kuuza, nao ndio watakaopata kazi zetu. Tungependa ubao huo uwe na majina yenu wote. Atakayetaka kuja kuzungumza nasi kabla ya hapo, karibu Kilindoni. Tutamwonesha mashine zilizosimama, moja baada ya nyingine, na atuoneshe anavyozipima.

Wasalaam,

Mwenye boti na nahodha, kwa niaba ya wenzake,
Kilindoni, Mafia

Nakala:
Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC)
Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar
VETA
Chuo cha Bahari Dar es Salaam